Sauti ya hedifoni za Bluetooth inaharibika nikiingia Zoom kwenye kompyuta ya mezani

Mezani_PC:
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani, Windows 10, ambayo haikuja na Bluetooth. Nimechomeka kidude cha USB cha Bluetooth 5.0 kwenye tundu la nyuma, hedifoni zikaonekana na kuunganishwa vizuri. Shida ni mbili. Muziki unakatikakatika hata nikiwa nimekaa hapohapo mezani. Halafu nikiingia tu kwenye kikao cha Zoom, sauti inakuwa nyembamba kama ya simu, na video nikiifungua wakati huo nayo inatoka hivyohivyo. Kikao kikiisha, sauti inarudi. Kwenye simu hedifoni hizihizi zinapiga muziki safi. Kidude ni kibovu, au kuna mpangilio unatakiwa kubadilishwa?

Fundi_Waya:
Mkuu, kidude hakina kosa. Tuanze na kukatika. Bluetooth inatumia mawimbi ya 2.4 GHz, na matundu ya USB 3.0, mara nyingi yale yenye plastiki ya buluu ndani, yakifanya kazi hutoa kelele kwenye mawimbi hayohayo, hasa kama jirani kuna diski ya nje inayosoma data. Ongezea boksi la chuma la kompyuta lililo kati ya kidude na kichwa chako. Tafuta waya wa kurefushia USB 2.0, nusu mita hadi mita moja unatosha, uuchomeke kwenye tundu la USB 2.0 na kidude kikae juu ya meza. Kama kompyuta inatumia Wi-Fi ya 2.4 GHz, ihamishie 5 GHz au tumia waya wa mtandao.

La Zoom ni jambo jingine kabisa. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupitisha sauti. A2DP inaleta muziki wa stirio, lakini inakwenda upande mmoja tu, haibebi maiki. HFP inabeba maiki na sauti kwa pamoja, ila sauti yenyewe ni mono, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati CD ina 44,100. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni, Windows inahamia HFP, na kila kinacholia kinapita humo. Simu nayo inafanya vilevile ukipiga simu, basi tu wakati huo husikilizi muziki ukaona tofauti.

Kwa hiyo usitumie maiki ya hedifoni. Windows 10 inazionyesha hedifoni mara mbili: moja ina neno "Stereo" (ndiyo A2DP), nyingine "Hands-Free AG Audio" (ndiyo HFP). Ndani ya Zoom, bonyeza kishale kilicho pembeni ya alama ya maiki. Kwenye spika chagua "Stereo", kwenye maiki chagua ya webkamu au ya waya. Usiache "Same as System", kwa sababu hapo Zoom inaweza kukurudisha kwenye Hands-Free.

Kaka_Draiva:
Nyongeza kwa anayetaka kuifunga njia hiyo moja kwa moja: Control Panel, "Devices and Printers", kitufe cha kulia cha mausi juu ya hedifoni, "Properties", kisha "Services". Ondoa tiki kwenye "Handsfree Telephony", bonyeza "Apply". Maiki ya hedifoni itapotea kwenye orodha. Ukiihitaji, rudisha tiki. Kwenye Windows 11 majina hayo mawili yameunganishwa kuwa moja, kwa hiyo usihangaike kutafuta "Stereo". Chagua maiki nyingine, sauti itabaki nzuri.

Mezani_PC:
Asanteni sana. Nimechagua maiki ya webkamu na sauti haibadiliki tena. Mawili ya mwisho: kidude cha bei kubwa kitaondoa tatizo la maiki? Na sasa hivi, baada ya kuzitumia hedifoni kwenye simu, kompyuta inaandika "Paired" tu, haziungi.

Fundi_Waya:
Bei haisaidii, kikomo kiko kwenye HFP yenyewe. Kinachokivuka ni LE Audio, njia mpya ya sauti ya Bluetooth, na hiyo inataka Windows 11, kidude na hedifoni vyote viwe vinaikubali. Namba ya Bluetooth 5.2 au 5.3 kwenye boksi la kidude peke yake si uthibitisho.

Hiyo "Paired" maana yake simu bado imezishika. Zima Bluetooth ya simu, kisha bonyeza "Connect" kwenye kompyuta. Zikigoma, bonyeza "Remove device" uanze upya: hedifoni zikiwa zimezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 5 hadi 7, usiachie taa ikiwaka tu, subiri ianze kupepesa haraka. Zile ndogo za masikioni, nyingi huachwa ndani ya kikasha, kifuniko wazi, ukashikilia kitufe cha kikasha. Zikishaungana soma maandishi chini ya jina. Yanatakiwa kuwa "Connected voice, music", au "Connected music" kama umeondoa ile tiki. Ukiona "Connected voice" peke yake, A2DP haijafunguka. Ondoa, unganisha tena.

Kaka_Draiva:
Na wenye ubao mama uliokuja na Wi-Fi: fungeni zile antena mbili za nyuma hata kama mnatumia intaneti ya waya. Bluetooth inatumia antena hizohizo, bila hizo hedifoni zinakatika ukisogea hatua chache. Mkiamua kuongeza kidude cha USB, kwanza zimeni Bluetooth ya ndani kwenye Device Manager, maana Windows inafanya kazi na moja tu kwa wakati mmoja.