Ushauri: LDAP ya Active Directory inagoma kwenye mfumo wetu wa PHP

Kisiki_Hai: Wakuu salaam. Mfumo wa maombi ya likizo uko kwenye Ubuntu, PHP na Apache. Wafanyakazi waingie kwa nenosiri lao la Windows, yaani mfumo uulize kwa LDAP (itifaki ya kuulizia saraka) kwenye Active Directory (AD), saraka ya watumiaji wa Windows, na bosi anautaka Jumatatu. Poti 636 (LDAP iliyosimbwa) inanipa "Can't contact LDAP server". Kwenye logi kuna "data 52e" pia. Firewall iko wazi. Nifanyeje?

Mlinzi_wa_Lango: Mkuu, kwanza hakikisha nenosiri tupu linakataliwa kabla ya ldap_bind (hatua ya PHP ya kujitambulisha kwa seva). Jina likija na nenosiri tupu, saraka nyingi hulichukulia ni mgeni asiyejitambulisha na kujibu "sawa". Mtu anaingia kama mkurugenzi hivi hivi.

Bi_Kitufe: Wekeni Keycloak (programu ya kuhakiki wanaoingia) mbele, mfumo usiguse nenosiri la mtu kabisa.

Nusu_Biti: Hii ni chai. 52e ni jibu la seva yenyewe, imeshakufikia na kukataa jina au nenosiri. Poti isiyofikika inatoaje 52e? Mtoa mada katunga.

Kisiki_Hai: Sijatunga mkuu. 52e ni ya jana, poti 389 (LDAP ya kawaida), nilipotumia jina la akaunti ya mfumo, "huduma", peke yake. 636 ni ya leo.

Fundi_Saraka: Basi ni matatizo mawili. AD haipokei jina fupi hapo, andika huduma@kampuni.local au DN nzima (njia kamili ya akaunti kwenye saraka). Kwenye 636 anwani umeiandikaje?

Kisiki_Hai: ldaps://192.168.10.5. Ila nikiweka TLS_REQCERT never (isikague cheti cha seva) kwenye ldap.conf inakubali. Mtandao ni wa ndani, naona nibaki nayo tu.

Fundi_Saraka: Usibaki nayo, tafadhali. Hapo yeyote akijifanya seva anavuna manenosiri ya ofisi nzima. Cheti kina jina dc1.kampuni.local, wewe unaita IP, lazima kigome. Mwombe mtu wa Windows cheti cha CA (mamlaka iliyotia saini cheti cha seva) kwa Base-64, kiweke /usr/local/share/ca-certificates kikiishia .crt, endesha update-ca-certificates, ufute hiyo never. Tumia jina la seva, kisha uzime na kuwasha Apache, maana ldap.conf husomwa inapowaka. Pima hivi:

ldapsearch -x -H ldaps://dc1.kampuni.local -D huduma@kampuni.local -W -b "DC=kampuni,DC=local" "(sAMAccountName=huduma)"

Kisiki_Hai: Imejibu! Ila ldap_search ya PHP inasema "Operations error".

Fundi_Saraka: Kabla ya ldap_bind weka LDAP_OPT_PROTOCOL_VERSION iwe 3 na LDAP_OPT_REFERRALS iwe 0. Ukitafuta kuanzia mzizi, AD inakuelekeza sehemu za DNS, na PHP inakwenda huko bila kujitambulisha.