Narudi kazini mtoto akiwa na wiki 12: maziwa ya kukamua yatahimili joto hili la Mombasa?

BintiLikoni
Hamjambo nyote. Likizo ya uzazi yaisha wiki mbili zijazo na mtoto hajaonja chochote ila titi. Nitakuwa natoka nyumbani saa 1 asubuhi, navuka feri, kazi ni saa 2 hadi saa 10, narudi saa 11 jioni. Atabaki na nyanyake. Ofisini hakuna friji. Nikikamua napata ml 40 tu, titi zote mbili. Niache kiasi gani, yatakaa muda gani bila kuharibika, na je, nianze kumpa maziwa ya kopo mapema ayazoee?

MkungaKisauni
Dadangu, hiyo ml 40 isikutie hofu. Ukikamua mara tu baada ya mtoto kunyonya, unachopata ni masalio. Kujua kama maziwa yatosha, mtazame mtoto: nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24, na uzito unaopanda kwenye kijitabu cha kliniki.

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa takriban ml 750 hadi 800 kwa siku nzima, kama ml 30 kwa kila saa. Wewe utakuwa mbali saa 10, kwa hivyo acha ml 300. Zigawe kwenye vyombo vya ml 50 au 60. Akishaanza kunywa kutoka chombo kimoja, yanayobaki yana saa 2 tu, halafu ni ya kumwaga, na inauma kumwaga ml 100.

Anza akiba leo. Kamua mara moja kila asubuhi, kama saa nzima baada ya kunyonyesha, maana asubuhi matiti huwa yamejaa. Akiba ya siku mbili inatosha kuanzia, kwa sababu utakachokamua Jumatatu ndicho atakachokunywa Jumanne.

Kwa mkono: nawa kwa sabuni, weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, sm 3 hadi 4 kutoka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi wala kuvuta chuchu, hapo ndipo wengi wanapojiumiza. Dakika 3 hadi 5 titi hili, uhamie lile, urudi tena, jumla dakika 20 hadi 30. Mwanzo ni matone matupu. Wengi huacha hapo, kabla maziwa hayajaachia.

LishePwani
Kuhusu joto. Zile saa 4 mnazosikia za maziwa kukaa nje ya friji ni za chumba kisichozidi nyuzi 25. Hapa kwetu Januari hadi Machi mchana unapita nyuzi 30, basi usizitegemee hata kidogo. Gandisha chupa 3 za maji za nusu lita usiku, uzipange ndani ya sanduku la baridi lenye kuta nene, na vyombo vya maziwa viguse barafu. Hapo yanahimili hadi saa 24 mradi barafu haijayeyuka, kwa hivyo foleni ya feri haitakusumbua.

Nyumbani ni siku 4 kwenye friji, nyuma kabisa, si mlangoni ambako joto huingia kila ukifungua. Friza nzuri, miezi 6. Andika tarehe. Stima ikipotea usifungue friza. Yaliyoyeyuka kabisa hayagandishwi tena: yahamishie friji na yatumike ndani ya saa 24.

Nyanya asiyachemshe wala kuyaweka maikrowevu. Chombo kikae ndani ya bakuli la maji ya moto, kisha akizungushe taratibu, kwani mafuta hupanda juu na watu hudhani maziwa yamekatika.

BabaWaMjiWaKale
Na joto hili kweli hata maji kidogo asipewe?

LishePwani
Asipewe, ndugu yangu, mpaka atimize miezi 6. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Maji hujaza kitumbo kile kidogo, mtoto ananyonya pungufu, na yakiwa si safi anaharisha. Siku za joto kali, anyonye mara nyingi zaidi.

Maziwa ya kopo "ayazoee" pia sishauri. Kila mlo wa kopo ni mlo mmoja ambao titi halikutolewa maziwa, na titi lisilotolewa hupunguza kutengeneza. Supu ya pweza ni chakula kizuri, inywe, lakini kinachojaza titi ni kulitoa maziwa.

KaraniMombasa
Ongea na mwajiri wiki hii, kwa maandishi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea penye kiti, meza, pa kunawia na kifaa cha baridi, na pasiwe chooni. Kifungu cha 72 kinakupa mapumziko ya jumla isiyozidi saa 1 kwa kila saa 8, mbali na ya chakula. Yakate mara mbili: nusu saa saa 4, nusu saa kama saa 9, na katikati kamua wakati wa chakula.

BintiLikoni
Nawashukuru sana. Nyanya ampe kwa chupa au kikombe? Na usiku niendelee kumnyonyesha?

MkungaKisauni
Kikombe kidogo kisicho na mdomo ni rahisi kuosha kuliko chupa na chuchu ya mpira. Mtoto akae wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, naye ajivutie. Asimiminiwe, atapaliwa. Waanze kujaribu sasa, siku chache kabla.

Usiku usimkatize kabisa. Homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, na hapo ndipo mtoto hulipiza ya mchana.

Titi likiwa na bonge jekundu lenye maumivu, endelea kunyonyesha upande huohuo, kisha ulikande kwa kitambaa cha baridi. Ukiwa na homa na kutetemeka, au saa 24 zikapita bila nafuu, nenda hospitali.

Jambo moja usilouliza: kama unategemea kunyonyesha kuzuia mimba, jua ulinzi huo hupungua mtoto anapokaa zaidi ya saa 4 mchana bila kunyonya. Pitia kliniki uchague njia nyingine kabla ya siku ya kwanza ya kazi, nao watakupa isiyopunguza maziwa.