Je, mizani inatosha kupima utapiamlo kwa wagonjwa wa UKIMWI?

Mwanafunzi wa Lishe

Habari za kazi, ndugu wataalamu. Ninaandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu utapiamlo na mabadiliko ya mwili kwa watu wazima wanaoanza dawa za kufubaza virusi katika kliniki ya wilaya. Kliniki ina mizani, kibao cha urefu na utepe wa kupimia mkono, basi. Msimamizi wangu anaona uzito na uwiano wake na urefu vinatosha, lakini nahofia kwamba mgonjwa anaweza kuongezeka kilo bila kupata nguvu. Nitajuaje kama kilichoongezeka ni misuli, mafuta au maji?

Mtabibu wa Kanda

Hofu yako ina msingi, tena wa siku nyingi. Donald Kotler na wenzake wa New York walipima potasiamu ya mwili, ambayo karibu yote imo ndani ya chembe hai, na katika makala yao ya mwaka 1989 wakakadiria kwamba mgonjwa anayekufa kwa kukonda hufikia takriban asilimia 54 ya chembe hai za kawaida, ilhali uzito wake bado uko kwenye asilimia 66 ya uzito unaostahili. Tofauti hiyo ndiyo mizani isiyoiona, kwa kuwa chembe zinapopungua, maji yaliyo nje yake hubaki au huongezeka. Kwa hiyo, kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye mizani, bonyeza muundi wake kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa. Pakibaki shimo, andika kwamba ana uvimbe, na usizihesabu kilo zake kama za mtu mwingine.

Mpimaji

Ndugu mwanafunzi, anza na mkono. Ukipima mzingo wake pamoja na unene wa mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono wa juu, unaweza kukadiria eneo la misuli, na kifaa cha mkunjo wa ngozi si cha gharama kubwa. Ongeza kipimo cha nguvu ya kubana kiganja.

Ukiweza kuazima mashine ya umeme hafifu, mgonjwa alale chali, mikono na miguu isigusane, vibandiko viwili viwekwe mkononi na viwili mguuni, na awe amekojoa. Hapo naomba uwe makini: mashine haipimi misuli, inapima ukinzani wa mwili kwa umeme, kisha inakisia kilo kwa fomula ambazo nyingi zilitengenezwa kwa watu wenye afya wa Ulaya na Marekani. Hifadhi namba ghafi za ukinzani, usichukue kilo pekee.

Mtabibu wa Kanda

Naongeza jambo la dawa, maana watafiti wengi hulisahau. Stavudini, dawa ya zamani ya kufubaza virusi, ilikausha mashavu, mikono na miguu ya wagonjwa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iondolewe hatua kwa hatua. Leo hali imegeuka: utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini, uliochapishwa 2019, ulionyesha ongezeko kubwa la uzito kwa waliotumia dolutegravir, dawa mpya zaidi ya kufubaza virusi, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa mafuta. Usipoandika aina ya dawa, utaisifu lishe kwa kazi isiyo yake.

Soma pia utafiti wa NUSTART uliofanyika Mwanza na Lusaka kwa watu wenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) chini ya 18.5. Virutubisho vyenye vitamini na madini kwa wingi havikupunguza vifo. Ndiyo maana nasisitiza uchunguze kifua kikuu na dalili katika damu za mwili kupambana na maradhi (inflammation), kwani mwili ulio vitani na maradhi haujengi misuli ipasavyo hata chakula kikiwapo.

Mwanafunzi wa Lishe

Nashukuru sana. Je, vipimo virudiwe lini?

Mpimaji

Siku ya kuanza dawa, wiki ya 6, wiki ya 12, kisha mwezi wa 6 na wa 12, mpimaji akiwa yule yule na saa zikiwa zile zile. Tafuta pia chumba chenye pazia, kwa sababu mama aliyekonda hatakubali kuvua blauzi mbele ya foleni, na asiporudi utapoteza taarifa za wale waliodhoofika zaidi.