Ukoo wa Bi Mkubwa: ubishi wa masenta wa hoki ya barafu (ligi ya NHL)

Idi (Boston): Nimesema na narudia. Senta wa kukaba na kufunga, hajatokea kama Bergeron wetu wa Boston. Selke 6. Sita, jamani!

Mjomba (Detroit): Mwanangu, Selke ni tuzo ya mshambuliaji anayejua kukaba, sawa. Fedorov wetu wa Detroit msimu wa 1993–94 aliibeba, na Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima akaibeba msimu uleule. Mabao 56, pointi 120. Bergeron wako Hart kaishia kuitazama.

Da Mwana (Tanga): Samahanini, senta ndio kiungo?

Mjomba: Karibu huyohuyo, ni mshambuliaji wa katikati. Wengi wao wakishapoteza paki (kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipigania) mbele huko hurudi wanatembea. Hawa tunaowasema wanarudi mbio mpaka golini kwao.

Da Mwana: Ahaa, sio kama kiungo wetu wa mtaani anayekaba kwa macho 😂

Zuu (Toronto): Mbona Clarke hamumtaji? Selke imeanza 1978. Yeye Hart zake tatu ni za 1973, 1975 na 1976, na Philadelphia akaipa makombe mawili. Selke kaja kupewa 1983, mwaka mmoja kabla hajastaafu. Mkihesabu tuzo tu mnamdhulumu mzee wa watu.

Idi: Hapo Zuu umenibana.

Mjomba: Na Datsyuk je? Selke tatu mfululizo, 2008 mpaka 2010. Tena hakuwa mtu wa kuumiza watu. Anakunyemelea nyuma, anainua fimbo yako kidogo tu kwa fimbo yake, paki imeshaondoka. Wewe unapiga hewa.

Idi: Mjomba, Detroit kila mtu wako! Bado Yzerman.

Mjomba: Nilikuwa nakuja huko huko 😄 Pointi 155 msimu wa 1988–89, halafu kocha Bowman akamtaka akabe. Akakubali. Mabao yakapungua, makombe yakaja matatu.

Idi: Sawa, lakini fainali ya 2013, mechi ya sita na Chicago, Bergeron kacheza ubavu umevunjika, bega limeachia, na pafu likatoboka. Kesho yake yuko hospitali.

Bibi (simu ya Mwana): Pafu limetoboka?

Idi: Ndiyo Bibi.

Bibi: Na daktari anamwangalia tu?

Idi: Ilikuwa fainali, Bibi.

Bibi: Walishinda?

Mjomba: Hawakushinda 🤐 Walifungwa mabao mawili ndani ya sekunde 17, mechi inaisha.

Bibi: Maskini mtoto wa watu.

Zuu: Idi, hiyo ya pafu ni ushujaa, ila tulikuwa tunabishania kukaba.

Idi: Basi mtazame refa anapodondosha paki. Bergeron anainama, mkono wa chini karibu uguse barafu, na paki inarudi kwa wenzake. Asipokuwa na paki mpinzani, utamkaba wa nini?

Mjomba: Hilo nakupa. Fedorov bado simwachi.

Da Mwana: Mjomba, tuma hiyo video ya kuinua fimbo. Bibi anaitaka.