Henry Hyde wa Illinois: mhafidhina huyu aliingiaje kwenye dawa za UKIMWI?

Kijana_Ngarenaro (Arusha):
Wakuu, habari za jioni. Naandaa hoja za mdahalo shuleni na nimekwama kwa Henry Hyde. Alianzia bunge la jimbo la Illinois, mhafidhina wa kukata na shoka, mpinga utoaji mimba. Halafu namkuta tena kwenye sheria ya PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI duniani. Ni mtu huyohuyo kweli?

Nesi_Mstaafu (Moshi):
Ndiye, mwanangu. Mkatoliki wa Chicago, alianza Democrat, akahamia Republican. Bunge la Illinois alikaa 1967 hadi 1974, kisha Washington mpaka 2007. Mwaka 1976, akiwa bado mgeni kule, akapitisha kile kifungu kinachozuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba. Kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Lakini mimi namkumbuka kwa 2003. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Uhusiano wa Kimataifa, akapeleka muswada wa dola bilioni 15 kwa miaka 5 dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Alishirikiana na Tom Lantos, Democrat wa California. Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 375 dhidi ya 41, Rais Bush akasaini Mei 27. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kipaumbele.

Nilikuwa wodi ya wanawake hapa Moshi. Kabla ya ARV tulikuwa na Septrin, dripu, na maneno ya kuwafariji ndugu. Dawa zilipofika, mama mmoja wa Kibosho aliletwa kliniki mgongoni kwa kaka yake, miguu imekonda kabisa. Mwaka uliofuata alipanda ngazi mwenyewe, kichwani ana mkungu wa mshare wa kutugawia manesi. Kwa hiyo ukiniuliza kama Hyde alijipinga, nakujibu hapana. Alisema uhai ulindwe, na safari hii akautolea fedha.

Wakili_Njiro:
Shikamoo mama. Usiliache na hili: wahafidhina walitia sharti kwamba theluthi ya fedha za kinga iende kwenye kuhimiza watu wajizuie mpaka ndoa.

Nesi_Mstaafu (Moshi):
Marahaba. Kweli kabisa, na sharti lile lilikuwa baya. Wengi waliokuja kwangu walikuwa wake za watu, waaminifu, wameambukizwa na waume zao ndani ya ndoa. Unamfundisha nini mtu kama huyo kuhusu kusubiri ndoa? Nashukuru sheria ya 2008 ililegeza.

Kijana_Ngarenaro (Arusha):
Shikamoo mama, asante sana. Hiyo ya 2008 nayo ni ya Hyde?

Nesi_Mstaafu (Moshi):
Marahaba mwanangu. Yeye alifariki Novemba 2007, Lantos Februari 2008, ndiyo maana sheria ile ilipewa majina yao wote wawili. Kwenye mdahalo anza na zile kura 375, kisha sharti la theluthi ulitaje mwenyewe kabla wapinzani hawajalitaja.