Majirani wa Malimbe: sinema ya Kuzco, Jumamosi

Mama Kulwa: Habari za jioni majirani. Lile la kuonyesha watoto sinema Jumamosi hii limekubaliwa. Uani kwetu, watoto wa humu humu, hakuna kiingilio wala tangazo nje ya geti. Ukishatoza au ukiita mtaa mzima ni biashara ya watu, inataka ruhusa ya wenye filamu. Sinema ni ile ya mfalme aliyegeuzwa lama, The Emperor's New Groove, diski anayo Neema. Kila mtu aseme kinachohitajika leo, tusije kutafutana saa mbili usiku.

Babu Magesa: Katuni ya mwaka gani hiyo? Mbona haikuvuma kama ile ya simba.

Neema: Shikamoo babu. Ilitoka Desemba 2000, na ni Disney hao hao wa simba, The Lion King. Iligharimu kama dola milioni 100 ikaingiza kama milioni 169 dunia nzima, na ukitoa fungu la wenye majumba ya sinema, hapo hakuna cha kujisifu. Wapenzi wake walikuja baadaye, kwa kanda na diski za nyumbani. Mpaka leo vipande vyake vinazunguka mitandaoni, hata mtu ambaye hajaiona filamu nzima anamjua Kronk.

Babu Magesa: Marahaba. Huyo Kronk ndiye mfalme?

Neema: Hapana babu. Mfalme ni Kuzco, kijana anayetimiza miaka 18, mwenye kiburi hakina mfano. Yzma ni mshauri wake kizee aliyefukuzwa kazi, anataka kumuua kwa sumu. Kronk ni msaidizi wa Yzma, mwili kama lile jiwe la Bismarck pale ziwani lakini moyo wa mpishi. Kronk anakosea chupa, anatia dawa nyingine badala ya sumu, mfalme anageuka lama. Wa kumrudisha ikulu ni Pacha, mkulima ambaye Kuzco alikuwa anataka kumnyang'anya kilima ajengee nyumba ya mapumziko yenye bwawa. Kama mtu aje leo aseme kilima cha Isamilo chote ni chake, wenye nyumba watajua wenyewe.

Fundi Shija: Hiyo watoto wa Mwanza wataielewa bila kutafsiriwa 😂

Fundi Shija: Mimi niseme ya mitambo kwanza. Projekta ninayo, nguvu ya mwanga wake lumeni 3,000. Kwa lenzi yake, kila mita 1 ya upana wa picha inataka mita 1.5 ya umbali. Picha ya mita 2 projekta ikae mita 3, isizidi hapo, ukiivuta nyuma picha inapauka. Shuka moja halitoshi, mwanga unapita nyuma unapotea. Mashuka mawili meupe yashonwe pamoja, pindo la chini lipitishwe bomba la maji la nusu inchi ili upepo usiyapeperushe. Tusianze kabla ya saa 1:15 usiku, jua likizama tu bado kuna weupe angani na zile tukio za usiku msituni hamtaona kitu.

Fundi Shija: La pili ni wale wadudu wa ziwani. Siku za mwezi mwandamo wanatoka majini kwa mawingu, na mwanga wa projekta kwao ni mwaliko. Nimetazama kalenda, Jumamosi mwezi uko karibu nusu, kwa hiyo afadhali. Hata hivyo taa moja kali iwekwe mbali, mita 25 hivi upande wa ziwani, iwavute wao kwanza. Na mtu asije na akili ya kufunika matundu ya projekta kwa chandarua. Feni inavuta hewa humo. Ukiziba, taa inapata joto, mashine inajizima katikati ya sinema, na ukilazimisha kuiwasha ikiwa moto ndiyo unaua balbu.

Mama Kulwa: Na umeme ukikatika?

Fundi Shija: Laptop ina betri, itaendelea yenyewe gizani, kwa hiyo mtu aisimamishe haraka. Projekta iachwe pale pale dakika 10 ipoe, isihamishwe. Spika ziwe chini ya shuka, si huku nyuma kwenye mashine, sauti itoke kwenye picha.

Mwalimu Bujiku: Nimemaliza maandishi ya chini ya Kiswahili. Ila Neema, ile diski ya kutoka Marekani ni ya kanda 1, yaani imefungwa ichezwe na deki za kule tu. Deki za kwetu ni kanda 5, itakataa.

Neema: Najua Mwalimu, hiyo nimeshairudisha kwa mwenyewe. Ninayo nyingine, ya PAL, ule mfumo wa TV za kwetu, inacheza vizuri.

Mwalimu Bujiku: Hapo ndipo penye mtego. Filamu hii ina dakika 78. Diski ya PAL inakimbia picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo kwako itakuwa kama dakika 75. Maandishi yangu nimeyapima kwa ile ya 78. Tukiyaweka hivyo hivyo, mwanzo yatakaa sawa sawia, baada ya nusu saa yamechelewa zaidi ya dakika moja, na mwisho yanachelewa dakika tatu nzima. Watoto wanasoma utani wa tukio lililopita.

Fundi Shija: Si unabonyeza G au H kwenye VLC, ile programu ya kuchezea filamu, yanarudi mahali pake?

Mwalimu Bujiku: G na H zinasogeza maandishi yote kwa kiasi kimoja. Zinafaa kama kosa ni lile lile mwanzo hadi mwisho. Hili linakua kila dakika, ukirekebisha sasa hivi, dakika tano mbele limerudi. Dawa ni kubadili kasi ya faili lenyewe, kutoka picha 23.976 kwa sekunde, ndiyo ile 24 kwa hesabu kamili, kwenda 25. Programu ya Subtitle Edit inafanya hivyo kwa mara moja. Neema nitumie urefu kamili wa filamu yako, mpaka sekunde.

Neema: Nakutumia sasa hivi.

Mwalimu Bujiku: Na faili lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Kuna askari wa ikulu anageuzwa ng'ombe, anaomba ruhusa aende nyumbani. Ukihifadhi vibaya, ile alama ya juu kwenye ng'ombe inageuka takataka, mahali pa kichekesho wanaona herufi za ajabu. Jina la faili lifanane na la filamu, vikae kwenye folda moja.

Babu Magesa: Wasiojua kusoma je? Kuna watoto wa miaka mitano hapo.

Neema: Ndiyo nilitaka kusema, babu. Tuwe na mtu wa kipaza sauti, kama wale wa vibanda umiza, anatafsiri papo hapo. Ila wa vibanda umiza anajaza kila nafasi kwa maneno yake. Hii filamu haitaki hivyo. Vichekesho vyake vingi viko kwenye kimya cha sekunde moja baada ya neno. Ukiongea juu ya kile kimya umeua.

Mwalimu Bujiku: Mfano hai ni pale kwenye mlango wa maabara ya siri. Yzma anamwamuru Kronk avute mkono wa mtambo, Kronk anavuta usio wenyewe, sakafu inafunguka, bibi anatumbukia chini. Anarudi na mamba amemng'ang'ania nyuma, amelowa chapachapa. Kwanza nilikuwa nimeandika "Si wenzo huo!" Wenzo nani anaujua hapa? Nikaweka "leva", Shija anaielewa, mtoto haielewi. Sasa nimeacha neno lote. Yzma anasema "Vuta, Kronk!" halafu kutoka shimoni "Siyo huo!" Mkono unaonekana kwenye picha, hauhitaji jina.

Fundi Shija: "Siyo huo!" imekaa.

Mwalimu Bujiku: Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mistari miwili tu, kila mstari usizidi herufi 40, na mtoto apewe sekunde moja kwa herufi 12 hivi. Penye mateso ni ule mpango wa Yzma wa kumgeuza Kuzco kiroboto, kumtia kwenye boksi, boksi kwenye boksi, kujitumia kwa posta, kisha nyundo. Anasema mbio kama mnada wa Igoma. Nimeukata vipande: "Kiroboto." "Ndani ya boksi." "Boksi ndani ya boksi." Vitenzi nimevitupa karibu vyote.

Neema: Mwalimu, kuna jambo moja anayekaa kwenye laptop lazima alijue. Kuzco ndiye anayesimulia. Kuna mahali picha inaganda ghafla, anatokea na kalamu nyekundu anachora juu ya picha, analalamika kwamba hadithi ni yake na si ya Pacha. Mtu asiyejua atadhani mashine imekwama. Asiguse kitu! Ukibonyeza hapo umeisimamisha kweli.

Fundi Shija: Nimeandika. Picha ikiganda, mikono mfukoni.

Mama Kulwa: Mimi nimekwama kwenye majina. Pacha? Humu ndani nina Kulwa na Doto. Watauliza pacha mwenzake yuko wapi tangu mwanzo hadi mwisho. Na mkewe anaitwa Chicha! Chicha za nazi jamani.

Neema: 🤣🤣 Kwa watu wa milima ya Andes, Amerika Kusini, pacha ni dunia, ardhi. Chicha ni pombe yao ya mahindi. Kuzco nalo ni jina la mji mkuu wa zamani wa Wainka, Cusco, kule Peru.

Neema: Ila Mama Kulwa, umegusa penyewe bila kujua. Hii filamu mwanzo haikuwa hii. Ilianza 1994 kama Kingdom of the Sun, ya Roger Allers, mmoja wa waongozaji wawili wa ile ya simba. Ilikuwa ya heshima na nyimbo nyingi. Mfalme aliitwa Manco, akakutana na maskini wanayefanana sura kama shilingi kwa ya pili, wakabadilishana nafasi. Na yule maskini aliitwa Pacha.

Mama Kulwa: Acha!

Neema: Kweli kabisa. Yaani alikuwa pacha wa sura, kwa Kiswahili jina lilimkaa. Yzma naye alitaka kulizima jua kwa sababu linamtia makunyanzi. Mwaka 1998 wakubwa wakaona haisimami, kazi ikasimamishwa, Allers akaondoka. Mwongozaji mwenzake, Mark Dindal, akabaki, wakaigeuza kichekesho cha haraka. Pacha akawa baba mtu mzima mwenye tumbo, sauti ya John Goodman. Nyimbo nyingi za Sting, yule mwanamuziki Mwingereza, zikatupwa. Ule wa Yzma wa kuzima jua, alioimba Eartha Kitt, mwenye sauti ya Yzma, umebaki kwenye albamu tu. Mke wa Sting, Trudie Styler, alikuwa anapiga picha mambo yote hayo, ikawa filamu ya kumbukumbu ya 2002, The Sweatbox. Disney hawakuitoa kwa umma. Ilivuja mtandaoni 2012, na wapenzi wa Kuzco ndipo walipoona filamu ya kwanza ilivyokuwa.

Babu Magesa: Kwa hiyo walivunja nyumba wakajengea tofali zile zile.

Neema: Na mwisho ulibadilishwa pia, babu. Awali Kuzco alikuwa aishie kujenga anasa zake juu ya kilima kingine. Sting akaandika barua kupinga, kwamba hayo si mabadiliko. Ndiyo maana sasa anaishia na kibanda kidogo jirani na kwa Pacha.

Mwalimu Bujiku: Jina libaki Pacha. Ila kwenye maandishi majirani wote wanamwita "Baba Tipo", kwa mtoto wake, kama tunavyoitana. Kuzco peke yake ndiye anamwita "wewe". Mwisho wa sinema anamwita "mzee".

Babu Magesa: Na shikamoo?

Mwalimu Bujiku: Shikamoo sijaiweka, babu. Hajabadilika kiasi hicho.

Babu Magesa: Basi kazi bado.

Mama Kulwa: Chakula. Neema kasema lazima iwe mchicha.

Neema: Lazima! Wakati wa kumtilia mfalme sumu, Kronk anakumbuka vitafunwa vyake vya spinachi viko kwenye oveni, anaacha njama anakimbilia jikoni. Wapenzi wake kote duniani wanavipika. Vya kwao ni vya unga wa matabaka, vya kuoka. Sisi tufanye sambusa.

Mama Kulwa: Sambusa 40. Mchicha kilo moja na nusu ukishachambuliwa, vitunguu 2, saumu punje 4, pilipili manga nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko cha chai kimoja. Mchicha ukatwe, upitishwe kwenye sufuria kavu dakika 3, usitiwe maji. Upoe, ukamuliwe ndani ya kitambaa mpaka usitoe tone. Chumvi baada ya kukamua, ukiitia mapema itavuta maji tena wakati mnafunga, manda zinalainika na kupasuka kwenye mafuta. Gundi ni unga vijiko 3 kwa maji kidogo kidogo, mzito kama uji wa mtoto. Moto wa kati. Mafuta yakitoa moshi, nje zinaungua na ndani manda mbichi. Yakiwa baridi zinakunywa mafuta.

Fundi Shija: Zitolewe lini?

Neema: Kronk akikimbilia jikoni, sahani zianze kuzunguka. Si kabla.

Mwalimu Bujiku: Neema, nani anashika kipaza sauti? Sauti ya filamu ishuke kama theluthi moja anapoongea, na asisimame mbele ya spika, itapiga filimbi watoto wazibe masikio.

Neema: Mimi nitashika. Pale kwenye mgahawa ambapo Kronk anashika jiko na kuita oda kwa lugha ya wapishi, nitaita ya mama lishe: "Ugali mmoja sato kavu, chai rangi mbili!" Penye kindi nitanyamaza. Kronk anaongea Kikindi, wanakielewa.

Mama Kulwa: Doto amesoma juu ya bega langu hapa. Anauliza, Kulwa wa Pacha yuko wapi?

Mwalimu Bujiku: Mwambie alibaki kwenye ile iliyofutwa 1998.

Fundi Shija: Waya wa mita 20 nani anao? Wa kwangu una kiungo katikati, sitaki watoto waukanyage.