Taa ya tangi la samaki inanimalizia tokeni. Ninunue LED gani?

MamaLanet, Nakuru
Habari za jioni wapendwa. Mimi si mtu wa samaki. Kaka yangu alihamia Eldoret akaniachia tangi lake sebuleni hapa Lanet, eti nimtunzie wiki mbili tu. Sasa tunaingia wiki ya sita, na nikipiga simu naambiwa yuko barabarani.

Tangi lina urefu wa sentimita 90, upana 35, maji yanafika 35. Juu kuna tyubu mbili za futi mbili, zile za zamani zenye choki na stata za kuziwashia, wati 18 kila moja. Nawasha saa kumi na mbili asubuhi nikiamka, nazima saa mbili usiku. Kusema kweli napenda sebule ikiwa na ule mwanga.

Shida ni tokeni. Kabla ya hawa wageni yuniti 40 zilinifikisha mwezi mzima: taa, televisheni, simu, pasi Jumapili. Sasa 40 hizo hizo zimekata siku ya kumi na mbili! Kioo nacho kimeota ukijani. Nasugua Jumamosi, Jumatano umerudi.

Fundi wa stima anataka kuniwekea LED ya utepe, ile ya kukunja, abandike chini ya kifuniko. Duka moja mjini wanasema nichukue ya zambarau, ndiyo ya mimea. Mimea yenyewe ni miwili, ya majani magumu, imefungwa kwenye jiwe kwa uzi. Nichukue ipi?

FuluWaDunga, Kisumu
Mama, utepe achana nao. Mimi nilibandika. Mvuke wa tangi ulikula gundi hata mwezi haujaisha, halafu pale waya ulipoungwa shaba ikaota kutu ya kijani na nusu ya taa zikazima. Siku moja narudi kutoka kanisani nakuta ncha imezama majini. Bahati ni volti 12 tu.

Tafuta LED ya futi mbili yenye ganda lililozibwa, imeandikwa IP65 au zaidi, yaani vumbi na maji ya kurukiwa havipenyi. Usiangalie wati peke yake, soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga inaotoa. Mimea yako haina makuu, lumeni 15 kwa kila lita zinaitosha. Tangi lako ni kama lita 110, ukitoa mawe zinabaki 100, basi tafuta lumeni 1500 hivi. LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa wati moja, kwa hiyo wati 15 na kazi imekwisha. Rangi iwe 6500K, mwanga mweupe wa mchana. Zambarau itaotesha mimea sawa, lakini samaki wako wataonekana kama wako kwenye matatu ya usiku.

Fundi asichomeke tyubu ya LED kwenye fremu ile ya zamani ya taa bila kusoma karatasi yake. Nyingi zinataka choki itolewe kwanza. Na waya wa taa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye stima.

HesabuKwanza, Nakuru
Dada, kabla hujatoa pesa, una hakika ni taa? Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Kando yake kuna namba, yangu imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara 1000, yuniti moja imekwenda. Kwa mita ya namba hiyo, mipepeso ya saa moja ndiyo wati zenyewe. Zima kila kitu ndani ya nyumba, acha tyubu tu, hesabu dakika 20, zidisha kwa tatu. Halafu fanya vivyo hivyo na kila kilichochomekwa kwenye hilo tangi.

MamaLanet, Nakuru
Yangu pia ni 1000. Nimekaa barazani na chai yangu, kijana wangu wa darasa la sita anachora vijiti kwenye daftari. Taa peke yake: 16. Nikazima, nikaacha ile fimbo ya kioo ya kupasha maji: 33. Nikamwambia umesinzia, rudia. Akapata 34.

HesabuKwanza, Nakuru
Basi mwizi umemwona. Taa ni kama wati 48, choki inakula zake. Kwa saa 14 hiyo ni karibu yuniti 0.7 kwa siku. Hita ni wati 100. Haiwaki muda wote, lakini kwa baridi yetu ya usiku hata ikiwaka nusu ya siku ni yuniti 1.2. LED ya wati 15 kwa saa 8 ni yuniti 0.12. Inunue, lakini usitegemee imalize kilio chote.

Na zishuke ziwe saa 8 kweli. Huo ukijani unashiba saa zako 14.

FuluWaDunga, Kisumu
Swali nililopaswa kuanza nalo: ni samaki gani, na hita umeiweka ngapi?

MamaLanet, Nakuru
Goldfish watano, mikia kama leso. Hita iko 28. Kaka alikuwa na wengine wadogo wenye mistari, walikufa.

FuluWaDunga, Kisumu
Ndiyo hivyo. Hita ilikuwa ya marehemu. Goldfish ni wa maji baridi, kati ya nyuzi 18 na 22 wanastarehe, tena maji baridi yanashika hewa zaidi. Usiichomoe ghafla, shusha nyuzi moja kwa siku. Mimi huku nalia na joto, nawasha feni juu ya tangi.

Ukitaka mmea mwingine, usiletewe magugu ya ziwani. Yanakuja na konokono, na wamo wanaobeba kichocho.

MamaLanet, Nakuru
Narudi na ripoti. LED imefungwa, wati 16, choki imetolewa. Hita imezimwa wiki ya pili, maji asubuhi ni 19, samaki wanakula kama kawaida. Siku ya kumi na mbili leo na nina yuniti 21. Ukijani upo, ila nasugua mara moja kwa wiki.

Nilinunua na taima ya kuzungusha ili iwake saa nne asubuhi, izime saa kumi na mbili jioni. Alhamisi stima ilipotea saa tatu nzima, na sasa inazima saa tatu usiku. Imeharibika?

HesabuKwanza, Nakuru
Haijaharibika. Stima ikipotea nayo inasimama, ikirudi inaendelea ilipoachia. Izungushe ifuate saa ya ukutani. Ukichoka kuizungusha, nunua ya dijitali yenye betri ndani.